Mwanga unaochungulia nyuma ya kiwambo cha sikio

SWALI: Daktari, mwanangu wa miaka miwili huumwa sikio mara kwa mara, na kila tukienda tunapewa antibaotiki. Nasikia kuna kipimo cha mwanga. Je, kinaumiza?

JIBU: Pole sana, mama. Hakiumizi; mtoto hachomwi sindano wala hatobolewi kiwambo.

Kwa otoskopu ya kawaida, kile kifaa cha kuchungulia sikioni, tunaona uso wa kiwambo tu. Mtoto akilia sana, kiwambo huwa chekundu hata bila maambukizi, ndiyo maana wengine hupewa dawa wasizozihitaji. Hilo linanisikitisha.

Kipimo cha mwanga ulichokisikia hurusha mwanga wa infraredi, kisha kompyuta hupima umerudi kutoka kina gani, kama ultrasaundi inavyotumia sauti. Kiwambo chenye afya kina unene wa takriban milimita 0.1, na nyuma yake kuna hewa, hivyo huonekana kama mstari mwembamba juu ya giza. Usaha ukiwepo, giza lile hujaa ukungu wa chembechembe. Kikundi cha Stephen Boppart, Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kimeonyesha hata utando wa bakteria ulioganda nyuma ya kiwambo.

Nta ikiziba, mwanga haupiti. Tena haukutajii jina la bakteria.

Kipimo hiki bado hakijaenea, kwa hiyo mwombe daktari wako apulize hewa kidogo sikioni: kiwambo kisipocheza vizuri, huenda kuna majimaji nyuma yake. Ukiona uvimbe nyuma ya sikio, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.