Cheni ya Msumeno Ikizunguka Bila Kubanwa Akseleta: Kagua Haya

Ukiachilia akseleta ya msumeno wa injini, maarufu kama pawasoo, cheni inapaswa kusimama kabisa hata kama injini bado inanguruma. Ikiendelea kuzunguka, hata polepole, msumeno huo una kasoro na haufai kazi.

Wengi huzoea hali hii na kuendelea kukata nguzo za ua au mti ulioangukia barabara. Lakini ajali haitokei wakati wa kukata pekee. Hutokea pia unapotembea kutoka gogo moja hadi jingine, unapoteleza kwenye matope, au msaidizi wako anapoinama kuvuta matawi. Cheni inayozunguka ikigusa goti, hupasua suruali na nyama kabla hujawahi kuvuta mguu.

Klachi inavyofanya kazi

Chini ya kifuniko cha kando kuna klachi yenye vipande vya chuma vilivyoshikwa na springi. Injini ikienda polepole, springi huvizuia ndani. Ukibana akseleta, kasi huongezeka, vipande hutanuka na kuishika dramu, nayo dramu huvuta cheni. Kwa hivyo cheni ikizunguka bila akseleta, chanzo ni kimoja kati ya viwili: injini inaenda kasi kupita kiasi, au klachi haiachii.

Kagua kwa mpangilio huu

Kabla ya kushika sehemu yoyote, zima injini, iache ipoe, chomoa waya wa plagi na uvae glavu.

1. Akseleta. Ibane na uiachilie. Irudi yenyewe bila kukwama. Safisha unga wa mbao uliojikusanya hapo. Ikiwa umewasha injini kwa choki, bana akseleta mara moja na uiachilie, kwa sababu choki huacha injini ikienda kasi.

2. Filta ya hewa. Vumbi letu la kiangazi huziba filta haraka. Ikiziba, injini huzimika-zimika, na mwenye msumeno hukaza skrubu ili isizimike. Siku filta itakaposafishwa, injini itapata hewa ya kutosha, kasi itapanda na cheni itaanza kuzunguka. Safisha filta kwanza, gusa skrubu baadaye.

3. Skrubu ya kasi. Kwenye misumeno mingi ina alama ya T au LA. Rudisha waya wa plagi, weka msumeno kwenye ardhi tambarare, cheni isiguse kitu na watu wakae mbali. Washa injini ipate moto, kisha ufungue breki ya cheni. Geuza skrubu kinyume cha mwendo wa saa mpaka cheni isimame, halafu ongeza robo mzunguko. Injini ikizimika, igeuze upande wa saa mpaka cheni ianze kusogea, kisha irudishe robo. Skrubu za L na H hupima mafuta, mwachie fundi.

Kumbuka kwamba kaunti yetu ina miinuko na mabonde. Mji wa Ngong uko zaidi ya mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, ilhali Magadi iko karibu mita 600. Hewa ya bondeni ni nzito zaidi, hivyo msumeno uliorekebishwa Ngong unaweza kubadilika mwendo ukifika Magadi. Ujaribu tena kabla ya kuanza kazi.

4. Klachi. Ikiwa injini imeshushwa hadi inakaribia kuzimika na cheni bado inazunguka, tatizo liko kwenye klachi. Zima injini, fungua breki, na uvute cheni kwa mkono wenye glavu. Ikiwa nzito ilhali haijakazwa kupita kiasi, huenda beringi ya dramu imekauka au imekwisha. Springi zilizolegea au kukatika hubadilishwa zote kwa pamoja, si moja moja. Kwa misumeno mingi klachi hufunguka kwa kuzungushwa upande wa saa, kinyume cha nati za kawaida. Ukilazimisha upande usiofaa utaharibu mashine.

5. Hewa inayovuja. Ikiwa injini inapanda na kushuka yenyewe, au inakawia kutulia baada ya kuachilia akseleta, huenda mpira wa kabureta umepasuka au sili imekwisha. Acha kazi mara moja na upeleke msumeno kwa fundi. Hewa ikizidi mafuta, pistoni hupata moto kupita kiasi na injini hufa.

Breki si tiba

Funga breki ya cheni kila unapotembea na msumeno, lakini usiitumie kuficha kasoro hii. Klachi inayosugua dramu iliyofungwa hupata moto na kuungua.

Kwa wanaoajiri vijana wa kukata miti: Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ahakikishe mashine anazompa mfanyakazi ni salama. Usimkabidhi mtu msumeno ambao wewe mwenyewe unauogopa.

Mtu akikatwa, zima injini, bana jeraha kwa nguvu kwa kitambaa safi bila kuachilia, piga simu 999 au 112 na umfikishe hospitali haraka.

Kila asubuhi kabla ya kukata mti wa kwanza, washa msumeno, achilia akseleta na utazame cheni. Isiposimama, kazi isianze.