Nyonga bandia inapogota: mazoezi au mkao wa kikombe?

SWALI: Nilibadilishiwa nyonga miezi minane iliyopita. Natembea bila maumivu, lakini nikiinama kufunga kamba za viatu nahisi kitu kinagota. Naambiwa niongeze mazoezi. Yatasaidia?

JIBU: Si kila ugumu wa nyonga hutibika kwa mazoezi. Misuli iliyokakamaa baada ya upasuaji hulegea kidogo kidogo kwa kunyooshwa, lakini kugota ni jambo jingine. Nyonga bandia ina kikombe kilichopachikwa kwenye fupanyonga, na ndani yake tufe lililobebwa na shingo ya chuma inayotoka kwenye mfupa wa paja. Ukikunja paja, shingo husogelea ukingo wa mbele wa kikombe; ikiugusa, mwendo umeishia hapo, kama mchi uliolalia ukingo wa kinu. Ukizidi kulazimisha, tufe hung'olewa kwa nyuma, na nyonga huteguka. Kikombe kilichoelekezwa mbele kidogo mno hukatiza mkunjo mapema; kilichozidishwa, shingo hugonga nyuma mtu anapougeuzia mguu nje. Shina lililozamishwa ndani ya paja nalo lina mwelekeo wake, na viwili hivyo husaidiana au huharibiana.

Kwa nini basi isitafutwe pembe moja ya kufuatwa kwa wote? Ilitafutwa. Mwaka 1978 Lewinnek na wenzake, huko Marekani, walichunguza nyonga 300 wakapendekeza mwinamo wa nyuzi 30 hadi 50, na kuelekea mbele kwa nyuzi 5 hadi 25. Ndani ya mipaka hiyo ziliteguka asilimia 1.5, nje yake, asilimia 6.1. Lakini mwaka 2016 watafiti wa Mayo Clinic walitoa matokeo ya nyonga zaidi ya 9,700: kati ya 206 zilizoteguka, asilimia 58 vikombe vyake vilikuwa ndani ya mipaka ileile. Wapo wanaosema basi pembe haina maana. Sikubaliani nao hata kidogo. Kasoro ni kwamba pembe hupimwa mgonjwa akiwa amelala, ilhali nyonga hutaabika akiwa ameketi au amechuchumaa. Kwa kawaida mtu akiketi, fupanyonga huinamia nyuma takriban nyuzi 20, kikombe kikafunguka mbele na paja likapata nafasi. Mgongo uliokakamaa kwa umri, au uliofungwa kwa vyuma, hauruhusu hivyo, na ndiyo maana waliofungwa pingili za kiuno huteguka zaidi. Pembe inayomfaa jirani yako inaweza kukubana wewe.

Tufe kubwa husaidia: la milimita 36 huchelewesha kugongana kuliko lile la milimita 22 alilotumia John Charnley, Mwingereza, miaka ya 1960. Haliondoi haja ya kumpima mgonjwa mwenyewe, hasa kwetu, ambako choo cha kuchuchumaa na kusujudu hudai mkunjo mkubwa. Daktari ayajue hayo kabla ya kushika kisu.

Kwa sasa, usijilazimishe kupita panapogota. Rudi kwa daktari wa mifupa, umweleze hali ya mgongo wako, na umuulize kuhusu eksirei za ubavuni, moja umesimama na nyingine umeketi. Huenda akakuta kinundu cha mfupa ukingoni, au kikombe chenyewe. Kukipachika upya ni upasuaji mzito. Kama nyonga haiteguki wala haiumi, wengi hushauriwa kutumia kijiko cha viatu chenye mpini mrefu na kuketi kwenye kiti kirefu kidogo. Ila ikianza kuchomoka au kinena kikiuma, usingoje kliniki ijayo.