Surua mara moja, malaria kila masika

Swali: Mwanangu aliugua surua mara moja, haikurudi tena. Mbona malaria humrudia kila masika?

Jibu: Virusi vya surua havibadiliki sura. Chembe nyeupe aina ya B zikishavitambua, baadhi huhamia kwenye uboho wa mifupa na kuzalisha kingamwili kwa miaka mingi. Nyingine hubaki zikivikumbuka.

Kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, ni mjanja zaidi. Kikiwa ndani ya chembe nyekundu ya damu, huipachika kwa nje protini ya kuinatisha kwenye kuta za mishipa, isije ikapita kwenye bandama ikaangamizwa. Protini hiyo ndiyo inayolengwa na kingamwili. Tatizo ni kwamba kimelea kina jeni zipatazo 60 za kuiunda, kila moja kwa umbo lake, na hutumia moja baada ya nyingine kama mtu anayebadili kanzu ili asitambulike.

Anayeugua tena na tena hukusanya kingamwili za maumbo mengi, ndiyo sababu mojawapo watu wazima wa maeneo yenye malaria nyingi hawalemewi kama watoto. Lakini kinga hiyo hufifia. Aliyekaa Ulaya miaka kadhaa, akija likizo Kigoma asijitape kuwa ni mwenyeji: alale ndani ya chandarua.