MOTERE NDOGO YA KINYOZI

Bunagana ni mji mdogo wa mpakani, katika nchi ya Jomba, wilaya ya Rutshuru, Kivu ya Kaskazini. Ng'ambo ya mpaka ni Uganda, na huko nako mji unaitwa Bunagana vilevile. Kwa sababu hiyo vitu vingi vina majina mawili. Mtu atokaye Rutshuru husema motere, esansi na buji. Atokaye Kisoro husema injini, petroli na plagi. Chombo ni kile kile. Katika somo hili yatatumika maneno ya upande wa Kongo, lakini mtoto akisikia yale mengine asishangae.

Palikuwa na kijana mmoja kinyozi, ambaye kibanda chake kilikuwa karibu na soko. Alikuwa na motere ndogo ya kutoa umeme. Ilikuwa ndogo hata aliweza kuibeba kwa mkono mmoja, asubuhi kuitoa na jioni kuirudisha. Kwa umeme ule alinyoa watu na kuchaji simu zao, na kwa fedha aliyopata alimlipia mdogo wake karo ya shule.

Motere ile hainywi esansi tupu. Hunywa esansi iliyochanganywa na mafuta mazito kidogo. Siku moja kinyozi akakuta chupa ya mafuta imekwisha, na wateja wamekwisha kukaa kwenye benchi. Akasema moyoni, "Siku moja tu si kitu." Akatia esansi tupu, akavuta kamba. Motere ikawaka, tena ikanguruma kwa nguvu kuliko jana, naye akafurahi. Baada ya muda mfupi sauti ikabadilika, ikawa kali kama chuma kinachokwaruzwa, ikapungua, ikanyamaza. Mteja mmoja alikuwa amenyolewa nusu ya kichwa. Kinyozi akavuta kamba, nayo haikutoka hata kidogo.

Akaichukua kwa fundi, mzee aliyezoea kutengeneza mashini za kusaga na pikipiki. Mzee akaifungua polepole, akipanga misumari yote juu ya gunia kwa utaratibu, ili kila mmoja urudi mahali pake. Kisha akampa kijana kipande cha chuma, kinene kama kikombe kidogo kilichofunikwa.

"Tazama, mwanangu."

Chuma kile kilikuwa na mikwaruzo kama kwamba paka amekipiga kucha.

"Baba, hii ni nini?"

"Hii ni pistoni. Umeiua wewe mwenyewe kwa kiu."

Ili kufahamu maneno ya fundi, yafaa kujua jinsi motere ya namna hii inavyofanya kazi. Ndani yake mna silinda, nayo ni kama kopo la chuma lenye kuta laini kabisa. Ndani ya silinda pistoni hupanda na kushuka, kama kizibo cha pampu ya baiskeli. Chini ya pistoni mna mkono wa chuma ulioshikwa na mhimili uliopindwa. Mguu wa mpanda baiskeli hupanda na kushuka tu, lakini pedali huzunguka. Ndivyo ilivyo na pistoni: yenyewe hupanda na kushuka, na mhimili huzunguka.

Kabureta ndiyo jikoni ya motere. Hapo hewa hupita kwa haraka katika njia nyembamba na kuvuta esansi, ambayo hutawanyika kama ukungu. Pistoni ikipanda, hufanya kazi mbili kwa mara moja: juu yake huubana ukungu uliomo katika silinda, na chini yake huvuta ukungu mpya katika chumba cha chini. Ikikaribia kufika juu, buji hutoa cheche. Ukungu huwaka, hewa ya moto hutanuka, na pistoni husukumwa chini kwa nguvu. Katika kushuka hufungua tundu la ubavuni, na moshi hutoka. Mara hiyo hiyo ukungu mpya, uliobanwa chini, hupanda kwa njia nyingine na kushika nafasi ya moshi. Kisha mambo huanza tena. Kupanda mara moja na kushuka mara moja, kazi imekwisha. Ndiyo maana huitwa motere ya hatua mbili.

Pikipiki nyingi za siku hizi zina motere ya hatua nne. Nikolaus Otto, Mjerumani, alitengeneza motere ya namna hiyo mwaka 1876. Baada yake Dugald Clerk wa Uskoti alitengeneza ya hatua mbili, akapata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1881. Motere ya hatua nne ina bakuli la mafuta chini yake, na mafuta hayo hulainisha vyuma vyote. Motere ndogo ya hatua mbili haina bakuli, kwa kuwa chumba cha chini ni njia ya kupitia ukungu. Mafuta yake yatatoka wapi? Hayana njia nyingine ila kuja pamoja na esansi. Asiyetia mafuta ameacha chuma kisuguane na chuma kitupu, tena katika moto. Chuma hutanuka, hukwama katika silinda, na kazi imekwisha.

Tena mwendo wake si mdogo. Motere ya kutoa umeme kama ile ya kinyozi huzunguka karibu mara 3,000 kwa dakika. Gawa kwa 60: pistoni hupanda na kushuka mara 50 katika nafasi ambayo mtu husema neno moja.

Kipimo cha mafuta huandikwa katika kitabu kinachokuja na motere. Motere nyingi za sasa hutaka sehemu 1 ya mafuta kwa sehemu 50 za esansi. Za zamani nyingi zilitaka sehemu 1 kwa 25. Sehemu 1 kwa 50 ni mililita 20 kwa kila lita ya esansi, yaani vijiko vinne vya chai. Fundi wetu hakupenda watu wanaopima kwa jicho. Alisema, jicho la mtu mwenye haraka hupunguza, na jicho la mtu mwenye hofu huzidisha. Mafuta yakizidi nayo ni hasara: moshi huwa mwingi, buji hulowa, na masizi huziba tundu la kutolea moshi.

Kuna motere za hatua mbili ndogo kuliko hizi. Katika Ulaya na Marekani wapo watu wanaotengeneza ndege za mfano, zinazoruka juu ya uwanja bila mtu ndani, na nyingi zilipewa motere zenye silinda isiyojaza hata kijiko kimoja cha chai. Ingawa ni ndogo hivyo, huzunguka mara 10,000 kwa dakika na zaidi. Mwaka 1947 Mmarekani Ray Arden alianza kuziuzia buji ya namna nyingine, yenye uzi mwembamba wa madini ya platini. Uzi huo huwashwa kwa betri mwanzoni tu. Motere ikisha kuwaka, betri huondolewa, na uzi hubaki mwekundu kwa moto wa silinda yenyewe. Chakula chake si esansi, bali ni namna ya spiriti iitwayo methanoli, ambayo ni sumu kali. Na mafuta ya kulainisha? Mara nyingi ni mafuta ya mbarika, mti ule ule unaoota hovyo kando ya nyumba zetu za Afrika. Katika vita vya mwaka 1914 hadi 1918 hata ndege za kweli zilitumia mafuta hayo, na motere ziliyatapika usoni mwa warubani. Kila mtoto aliyewahi kunyweshwa mafuta ya mbarika aweza kukisia habari za matumbo yao.

Turudi Bunagana. Fundi alitia pistoni mpya, na kinyozi akalipa fedha aliyoiweka kwa karo. Mdogo wake akarudishwa nyumbani kutoka shuleni, akakaa majuma mawili akichunga mbuzi. Kinyozi alipomwona yule mtoto na fimbo mkononi saa ya masomo, aliona haya, akamrudia mzee, akasema, "Baba, nifundishe kuitunza."

Mzee akaanza na hewa. Udongo wa nchi ile umetoka katika volkano. Mlima Muhabura, wenye mita 4,127, husimama karibu, na barabara za huko hutoa vumbi lenye chembe ngumu zikatazo kama kioo. Chembe zikiingia katika silinda, hula kuta zake kidogo kidogo. Kwa hiyo mbele ya kabureta kuna chujio la sponji. Sponji hiyo huoshwa kwa maji na sabuni, hukamuliwa bila kusokotwa, hukaushwa kivulini, kisha hutiwa matone machache ya mafuta ili ishike vumbi. Kinyozi alikuwa ameitupa zamani, maana aliona motere inapumua vizuri bila hiyo. Mzee hakusema kitu. Alitikisa kichwa tu.

Halafu akafungua buji, akasema kwamba buji ni ulimi wa motere, na mganga huanza kwa kutazama ulimi. Ncha yake ikiwa kavu na rangi yake ya udongo, motere ni nzima. Ikiwa nyeusi na imelowa, esansi au mafuta yamezidi, ama hewa haipiti vizuri. Ikiwa nyeupe, motere inapata moto kupita kiasi, na hatari i karibu. Ncha husafishwa kwa brashi. Nafasi ya kurukia cheche mara nyingi huwa kati ya sehemu 6 na 7 za milimita iliyogawanywa kwa 10, na hupimwa kwa kipande chembamba cha chuma kilichotengenezwa kwa kazi hiyo.

Buji ya kinyozi ilikuwa nyeusi, ingawa sasa alipima mafuta sawasawa. Akauliza sababu. Mzee akamwonyesha milima. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na Bunagana iko juu zaidi. Kadiri mtu anavyopanda, hewa huwa nyepesi. Motere iliyopimwa huko pwani ikiletwa milimani hupata hewa haba na esansi nyingi, kama sufuria yenye chumvi ya watu kumi na chakula cha watu wanane. Fundi humpa kabureta kitundu kidogo zaidi cha kupitishia esansi. Hata hivyo nguvu haitakuwa ile ya pwani: hupungua kama sehemu 3 katika 100 kwa kila mita 300 za kupanda.

Mambo mengine mzee aliyasema upesi. Masizi katika tundu la moshi yakwanguliwe kwa kijiti, si kwa chuma. Motere ikitaka kulala majuma mengi, esansi yote itolewe katika kabureta, maana ikikaa hugeuka gundi. Asitie esansi motere ikiwa ya moto, wala karibu na mshumaa.

Kinyozi akayashika yote. Lakini jambo moja mzee alikuwa hajalisema, kwa kuwa alidhani kila mtu analijua.

Mwezi wa Novemba mvua ilinyesha mchana kutwa. Kinyozi hakutaka motere yake ilowe, naye aliipenda sana sasa. Akaiingiza kibandani, akarudisha mlango akiacha upenyo kidogo kwa ajili ya moshi. Ndani walikuwa yeye na watoto wawili wanaongoja kunyolewa. Baada ya muda mtoto mmoja akasema kichwa kinamwuma. Wa pili akasinzia. Kinyozi mwenyewe akaona mashini ya kunyolea ni nzito mkononi, na miguu haimtii. Alidhani ni njaa. Wakati huo kengele ya Malaika wa Bwana ililia, na fundi, aliyekuwa akipita kwenda nyumbani, akasikia motere ikinguruma nyuma ya mlango. Hakubisha. Aliusukuma mlango kwa bega, akawavuta watoto nje mvuani kwa mikono, kisha kinyozi, kisha akazima motere.

Wote watatu walitapika, wakapelekwa zahanati, wakapona.

Moshi wa motere una hewa iitwayo monoksidi ya kaboni. Haina rangi wala harufu. Mtu akiivuta, huingia katika damu na kushika mahali pa oksijeni, na mwili hufa njaa ya hewa hali kifua kinapumua. Watu wa Goma na Sake wanaijua mazuku, hewa mbaya itokayo ardhini penye volkano, iuayo mbuzi na watu. Lakini mazuku ni hewa nyingine, ni nzito, hulala mabondeni. Mtu akijua mahali pake aweza kupaepuka. Hewa ya motere huchanganyika na hewa yote ya chumba, juu na chini, hata mlango ukiwa wazi kidogo.

Siku ya tatu kinyozi na mzee walijenga kibanda kidogo cha mabati, chenye paa bila kuta, hatua kumi kutoka kwa wateja, na mdomo wa moshi ukaelekezwa upande wa shamba. Waya ukapitishwa juu ya miti miwili. Mdogo wake, aliyekwisha kurudi shuleni, ndiye aliyepima hatua zile kumi; akazipima mara mbili, kwa sababu miguu yake ni mifupi.

MASWALI

1. Kwa nini motere ya hatua mbili haina bakuli la mafuta?
2. Kinyozi ana lita 5 za esansi, na kipimo ni sehemu 1 kwa 50. Atatia mililita ngapi za mafuta?
3. Ncha ya buji ni nyeupe. Motere ina ugonjwa gani?
4. Mazuku na monoksidi ya kaboni hutofautianaje?
5. Nyumbani kwenu, au kwa jirani, motere huwekwa wapi mvua ikinyesha?