Yoga, Taamuli na Utulivu wa Moyo: Majibu ya Maswali Yanayoulizwa Sana

Yoga ni nini hasa?
Ni mafunzo ya kale ya India ya kutuliza akili. Kitabu chake mashuhuri, Yoga Sutra, kinachonasibishwa na mwanazuoni Patanjali, kina umri wa zaidi ya miaka 1,500. Katika vifungu vyake vifupi vinavyokaribia 200, mkao wa mwili umeelezwa katika vitatu tu. Mikao mingi tunayoiona leo ilienezwa katika karne ya 20 na walimu kama T. Krishnamacharya wa Mysore na mwanafunzi wake, B.K.S. Iyengar.

Basi mafunzo yanaanzia wapi?
Yanaanzia kwenye tabia. Patanjali alitaja nguzo nane, na ya kwanza ni kujizuia: usidhuru, usiseme uongo, usiibe, tawala matamanio yako, usiwe na uroho wa mali. Ya pili ni malezi ya nafsi: usafi, kuridhika, nidhamu, kujisomea na kujichunguza, na kujikabidhi kwa Mungu. Baada ya hapo ndipo huja mkao, pumzi, kuzuia hisi zisitangetange, kukaza fikra, taamuli na kuzama kabisa katika utulivu. Mpangilio huo una maana. Aliyemdhulumu jirani yake mchana hawezi kukaa kimya usiku akategemea moyo umtulie.

Na kama wanaonikosesha amani ni watu wengine?
Patanjali alilijibu hili waziwazi. Aliye na furaha, mfanyie urafiki badala ya kumwonea kijicho. Aliye katika dhiki, mhurumie. Mtenda mema, mfurahie. Mtenda maovu, usimruhusu auteke moyo wako. Hilo la mwisho halikuzuii kudai haki yako au kuripoti uhalifu. Linakuepusha na kulala na hasira ambayo mwenzako hata haijui.

Nitaanzaje taamuli nyumbani?
Tandika mkeka mahali penye utulivu na uweke simu mbali. Kalia blanketi lililokunjwa ili nyonga ziinuke kidogo juu ya magoti. Mgongo utanyooka bila kuulazimisha. Magoti yakiuma, kaa kwenye kiti, nyayo zikiwa sakafuni. Vuta pumzi taratibu kwa pua, kisha itoe kwa muda mrefu kidogo kuliko ulivyoivuta. Usiibane. Sikiliza hewa inavyoingia na kutoka.

Muda si mrefu utajikuta unawaza ada ya mtoto au maneno ya bosi. Hujashindwa. Tambua kwamba akili imeondoka, uirudishe kwenye pumzi bila kujilaumu. Kurudisha huko ndiko zoezi lenyewe. Dakika tano kila siku ni bora kuliko saa nzima mara moja kwa mwezi.

Je, inapingana na dini yangu?
Yoga imekulia katika mila za Wahindu, Wabudha na Wajaini, na baadhi ya madarasa huimba mantra au kutaja miungu. Muulize mwalimu mapema darasa lake lina nini, kisha zungumza na kiongozi wako wa dini. Kukaa kimya na kufuatilia pumzi hakuhitaji kutamka neno lolote la ibada.

Je, inatibu maradhi?
Inasaidia, lakini haichukui nafasi ya hospitali. Mwaka 1979, Jon Kabat-Zinn alianzisha katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, mafunzo ya taamuli kwa wagonjwa wenye maumivu sugu, na tafiti zilizofuata zimeonyesha kuwa mafunzo ya aina hiyo hupunguza msongo na wasiwasi kwa watu wengi. Hata hivyo, usiache dawa bila ushauri wa daktari. Wajawazito, wenye shinikizo la damu au la macho, na wenye matatizo ya uti wa mgongo wamwone mtaalamu kabla ya kujaribu mikao, hasa ya kuinamisha kichwa. Taamuli ikikuamshia kumbukumbu za kutisha, simama na utafute msaada.

Nitajuaje kwamba ninaendelea?
Usipime kwa jinsi unavyoweza kujikunja. Jichunguze unavyowajibu watoto ukiwa umechoka, na unavyopokea habari ya mafanikio ya mwenzako. Ukiona hasira inapungua na ukweli unaongezeka, mafunzo yanakufaa. Anza leo kwa dakika tano, na kesho uzirudie.