SOMO LA KIKUNDI: TUHESABU SIKU ZA KAZI, TUSIHESABU WATU PEKEE

Lengo la somo: Kikundi kiweze kuweka daftari lake la kufuatilia kazi na mapato ya wanachama wakati wa janga, na kijue ni lini hali imerudi kweli kweli.

Fungu la kusoma: Nehemia 2:11-18
Vifaa: Daftari moja, kalamu, na maharagwe ya kuhesabia
Muda: Saa mbili

Neno la kufungua

Wapendwa, Nehemia alipofika Yerusalemu hakuanza kujenga siku hiyo hiyo. Alikaa siku tatu, kisha akatoka usiku na watu wachache kukagua ukuta: wapi umebomoka na malango gani yameteketea. Baada ya kujionea mwenyewe ndipo alipowaambia watu wainuke wajenge. Na sisi tujifunze hivyo. Hasara ambayo haijapimwa ni vigumu kuirekebisha.

1. Yaliyotupata

Mgonjwa wa kwanza wa korona hapa Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Kabla ya mwezi huo kuisha shule zilikuwa zimefungwa, na tarehe 27 kafyu ya usiku ikaanza. Mwezi wa Aprili watu wakazuiwa kuingia na kutoka Nairobi, Mombasa, Kilifi na Kwale; Kilifi na Kwale zilifunguliwa mwezi wa Juni, na Nairobi na Mombasa mwezi wa Julai. Kafyu yenyewe iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021.

Hasara haikutupata sote sawasawa. Kilimo kwa jumla kilikua mwaka huo wa 2020, lakini mahoteli yalianguka vibaya sana. Mama aliyekaanga samaki jioni alipoteza wateja wake kwa sababu ya kafyu. Walimu wengi wa shule za kibinafsi walikaa bila mshahara. Na nyumba iliyotegemea pesa za kijana anayefanya kazi hotelini Mombasa iliumia, hata kama iko mbali na bahari.

2. Hesabu za nchi zilisema nini

Shirika la Kitaifa la Takwimu lilieleza kwamba kati ya Januari na Machi 2020 waliokosa kazi walikuwa asilimia 5.2. Kati ya Aprili na Juni wakafika asilimia 10.4. Kati ya Julai na Septemba wakashuka hadi asilimia 7.2. Pato la taifa lilipungua kidogo mwaka 2020, kisha mwaka 2021 likakua kwa zaidi ya asilimia 7. Waliosikia redioni wakasema uchumi umerudi. Huku vijijini wengine wakauliza: umerudi kwa nani?

Hesabu hizo si uongo. Lakini ni lazima tujue zinavyohesabiwa.

(a) Saa moja inatosha. Kwa desturi ya kimataifa, mtu aliyefanya kazi ya malipo au biashara hata kwa saa moja tu katika siku saba zilizopita huandikwa kuwa ana kazi. Fundi aliyekuwa akijenga siku sita kwa wiki, na sasa anapata siku moja, bado anahesabiwa ana kazi.

(b) Asiyetafuta hayumo. Ili uandikwe kuwa umekosa kazi, huwa ni lazima uwe unaitafuta. Mama aliyeacha kibanda chake akae na watoto kwa sababu shule zimefungwa hakuwa akitafuta. Basi hakuonekana katika hesabu ya waliokosa kazi.

(c) Asilimia huchanganya. Kama ulikuwa ukipata shilingi 600 kwa siku na zikapungua kwa nusu, umebaki na 300. Zikiongezeka tena kwa nusu utapata 450, sio 600. Kila ukisikia mapato yameongezeka, uliza: yameongezeka kutoka wapi?

3. Mfano wa kujadili

Tuchukue kikundi cha wanachama 10. Kabla ya janga wote walikuwa na kazi, na jumla ya siku zao za kazi ilikuwa 50 kwa wiki. Janga lilipoingia, waliobaki na kazi walikuwa 7, na siku zikashuka hadi 18. Baada ya mwaka mmoja wenye kazi ni 9, na siku ni 27.

Tukihesabu watu, tutasema 9 kwa 10 wamerudi, Mungu asifiwe. Tukihesabu siku, ni 27 kwa 50, yaani zaidi ya nusu kidogo tu.

Tofauti hiyo si jambo dogo. Kamati iliyohesabu watu itasema: "Karibu wote wana kazi sasa. Faini zirudi na deni lote lilipwe." Itaenda kwa dada anayeshona siku mbili kwa wiki na kumchukulia cherehani kwa ajili ya deni. Kumbe cherehani ndiyo kazi yake yote. Kikundi kitakuwa kimepata shilingi chache na kimepoteza mwanachama ambaye angelipa pole pole mpaka akamaliza.

4. Jinsi ya kuweka daftari

Hatua ya kwanza: Chagueni mwezi wa kulinganisha, kabla ya shida kuingia. Linganisheni Machi na Machi, sio Machi na Agosti, maana vibarua vya palizi haviko mwaka mzima.

Hatua ya pili: Mara moja kila mwezi, kila mwanachama aulizwe maswali manne:
- Wiki iliyopita ulifanya kazi siku ngapi?
- Ulibaki na pesa ngapi baada ya kutoa gharama?
- Umeuza chombo cha kazi au mfugo ili mle?
- Mmepunguza mlo nyumbani?
Asiyejua kuandika ahesabu siku zake kwa maharagwe.

Hatua ya tatu: Tunzeni siri. Andikeni namba badala ya jina. Orodha ya majina ikae kwa karani na mtu mmoja mzima anayeaminika. Mkutanoni isomwe jumla tu. Mtu akiaibishwa mara moja, mwezi ujao atasema yuko sawa.

Hatua ya nne: Andikeni wanawake na wanaume mbali mbali, na aina ya kazi. Jumla inaweza kupanda wakati wauza mboga bado wako chini.

Hatua ya tano: Mtafuteni asiyekuja. Wakati wa korona nchi nyingi ziliwauliza watu maswali kwa simu, na asiyekuwa na simu hakufikiwa. Hapa kwetu, anayeogopa deni haji mkutanoni. Mtembeleeni nyumbani, bila daftari la madeni mkononi.

Hatua ya sita: Tengeni kazi ya msaada na kazi ya kudumu. Chini ya Kazi Mtaani, vijana wa mitaa ya mabanda walilipwa shilingi 455 kwa siku katika awamu ya pili. Pesa hizo zilisaidia, lakini kazi ya namna hiyo huwa na mwisho. Iandikwe peke yake.

5. Daftari liongoze maamuzi

Kubalianeni sasa, wakati hakuna aliyekasirika, na muandike katika katiba ya kikundi. Kwa mfano: siku za kazi za mwanachama zikishuka chini ya nusu, marejesho yapunguzwe au yasimame, na riba isiongezwe. Zikifika robo tatu, alipe tena kidogo kidogo. Chombo cha kazi kisishikwe kamwe. Kila kikundi kichague vipimo vyake.

Daftari hili litafaa pia ukame ukija, au mafuriko kama yale ya mwaka 2024. Na msaada ukiletwa kupitia kanisa au kwa chifu, mtakuwa na jibu la haki mkiulizwa ni nani aanze.

Maswali ya kujadili
1. Mwaka 2020 ni kazi gani hapa kwetu zilizosimama kwanza? Ni zipi zilichelewa kurudi?
2. Je, kuna aliyeacha kikundi wakati ule na hatujamuuliza kwa nini?
3. Tukimsamehe mmoja riba, tutawaelezaje wanaolipa kila mwezi?
4. Ni nani kati yetu tunayeweza kumwamini na siri ya daftari?

Kazi ya kufanya: Kabla ya mkutano ujao, kila mmoja ahesabu siku alizofanya kazi wiki hii, aje na idadi yake. Karani aandike jumla katika ukurasa wa kwanza. Huo ndio utakuwa mwezi wenu wa kulinganisha.