Chumba Kinachofikika: Kauli ya Kutendeka na Hadhi ya Mgeni Mwenye Ulemavu

1. Utangulizi

Hoteli kongwe za Nairobi zilikua pamoja na mji wenyewe. Reli ilifika mwaka 1899. Stanley ikaanzishwa mwaka 1902, na Norfolk ikafunguliwa mwaka 1904. Enzi hizo majengo yalisanifiwa kwa mgeni apandaye ngazi kwa miguu yake. Leo mgeni atumiaye kiti cha magurudumu naye hutaka kulala katika hoteli za kihistoria. Makala haya yanachunguza lugha inayotumiwa kumwelezea chumba chake, na yanashikilia kwamba sarufi ya maelezo hayo humgusa mgeni kabla hajafika mlangoni.

2. Jina la mgeni

Maneno kiwete, kiziwi na kipofu yana kiambishi ki- sawa na kiti na kikapu, ingawa upatanisho wake ni wa viumbe hai: tunasema *kiwete amefika*, si *kiwete kimefika*. Siku hizi *mtu mwenye ulemavu* hupendelewa kwa kuwa utu hutangulia hali. Suala hili si la adabu tu. Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuitwa na kutajwa bila kudunishwa, na pia haki ya kufika mahali pote kwa kadiri inayofaa. Jina na mlango vimewekwa katika ibara moja.

3. Kosa ni la nani?

Tulinganishe sentensi mbili:

(a) Mgeni hawezi kuingia chumbani.
(b) Chumba hakiingiliki.

Katika (a) kiima ni mgeni, na upungufu unawekwa mwilini mwake. Katika (b) kiambishi -ik- cha kauli ya kutendeka kinauhamishia chumbani. Ndiyo maana *chumba kinachofikika* ni istilahi bora kuliko *chumba cha walemavu*: ya kwanza hutaja sifa ya chumba, ya pili huwatenga watu.

Hata hivyo, kauli hii ina udhaifu wake. Haimtaji mtenda, aliyejenga kizingiti na aliyekataa kukiondoa wote hufichika. Tena *kinafikika* ni dai tupu lisipofuatwa na vipimo. Mgeni anayeambiwa kwa simu kwamba chumba kinafikika, kisha akakuta mlango wa choo ni mwembamba kuliko kiti chake, amedanganywa kwa sarufi sahihi.

4. Vipimo

Viwango vya Marekani vya mwaka 2010, kwa mfano, vinataka mlango uache nafasi ya sentimita 81.5, na kiti kipate duara la sentimita 152.5 la kugeukia. Mteremko usizidi uwiano wa 1 kwa 12; yaani ngazi moja ya sentimita 15 huhitaji mteremko wa sentimita 180. Kwa hiyo maelezo kamili yataje upana wa milango, kimo cha kitanda, vishikio vya chooni, bafu lisilo na kizingiti, na iwapo kiti kinaingia katika lifti.

5. Mlango wa mbele

Watunzaji wa majengo ya kale huhofia kuharibu sura yake. Hofu hiyo ina msingi, lakini mteremko wa kuwekwa na kuondolewa haubomoi ukuta. Suluhisho la haraka huwa ni kumpitisha mgeni jikoni. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema apitie uani. Chumba hufikika kwa heshima pale njia ya kukifikia inapokuwa ya wageni wote, au walau inayolingana nayo.

6. Hitimisho

Kauli ya kutendeka huliondoa kosa mwilini mwa mgeni, lakini hailiondoi mlangoni. Mwanafunzi wa Kiswahili anayetafsiri maelezo ya hoteli hana budi kuuliza upana wa mlango kabla ya kuandika neno *kinafikika*.